Futikamba Kwanza, Foklifti Baadaye

Mwaka jana nilipigiwa simu na mama mmoja anayeuza marumaru na vifaa vya mabomba. Ana godauni Vingunguti, Dar es Salaam, na namba yangu aliipata kwa kaka yangu anayempelekea mizigo. Tulipomaliza kusalimiana akaingia kwenye jambo lake: "Mwanangu, nasikia umeendesha mashine za korido nyembamba huko Uarabuni. Nimeonyeshwa moja ya mtumba, bei yake si mbaya. Njoo uniangalizie kama ni nzima."

Nikamwambia, "Mama, nakuomba usilipe hata senti mpaka nije na futikamba."

Akanyamaza kidogo. "Futikamba ya nini tena? Mashine si ipo tayari?"

Sikumlaumu. Na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba mashine ikiwa nzima na dereva akiwa hodari, mzigo utapanda tu. Sasa siamini hivyo, na kilichonibadilisha nitakieleza, kwa sababu naona maghala mengi hapa nyumbani yanaanza kupandisha raki, yaani rafu ndefu za chuma zenye korido za kupita katikati, na wenye mali wanaanza kwa kutafuta mashine.

Nilianzia Kurasini, kibarua wa kuvuta jeki ya paleti, yale majukwaa ya kupangia mizigo, kwenye maghala ya mizigo ya bandarini. Baada ya mwaka na ushee nikapandishwa kwenye foklifti ya dizeli ya tani 3, ile ya kawaida inayojulikana na kila mtu: meno mbele, mzigo mbele, na chuma kizito mgongoni cha kuuzuia usiiangushe mashine kifudifudi. Usukani wake uko kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikata kona ni mkia unaofagia. Ili igeuke na kuingiza paleti kwenye raki kwa utulivu, inataka korido ya mita 3.5 mpaka 4. Kurasini hilo halikutusumbua hata siku moja. Magunia yalipangwa chini, uwanja ulikuwa mpana, na tukikosa nafasi tulitoa mzigo nje tukaufunika turubai.

Mwaka 2014 nikaenda Dubai, nikapata kazi kwenye ghala moja Jebel Ali. Bandari ya huko ilifunguliwa 1979 na eneo huru la biashara likaanzishwa 1985, na tangu hapo maghala yameota mpaka mtu unapotea njia. Ardhi ni ya kulipia, kwa hiyo watu wanajenga kwenda juu na kubana njia za chini. Leseni yangu ya nyumbani haikunisaidia. Nilirudi darasani, nikafanya mtihani wa RTA, mamlaka ile ile inayotoa leseni za magari, ndipo nikaruhusiwa kushika usukani.

Mashine waliyonipa ilikuwa richi traki. Ni ya umeme, ina miguu miwili iliyonyooka mbele kama mtu aliyekaa chini akanyoosha miguu, na mlingoti wote, yaani nguzo inayopandisha meno, huteleza juu ya miguu hiyo, ukatoka kwenda kuchukua paleti kisha ukarudi nayo ndani. Mzigo ukisharudi katikati ya magurudumu, mashine haihitaji kubeba chuma kikubwa mgongoni, ndiyo maana mwili wake ni mfupi. Dereva hukaa ubavu, uso ukielekea pembeni, ili aone vizuri anapokwenda mbele na anaporudi nyuma. Korido yake ni mita 2.7 mpaka 2.9, na nyingine hupandisha mzigo zaidi ya mita 10. Wiki ya kwanza shingo iliniuma kwa kutazama juu.

Mwezi wa tano nikagonga nguzo ya raki.

Mchoro wa ghala ulisema korido ile ni mita 2.8. Nami nilikuwa nimepita korido nyingine za kipimo hicho bila shida. Kumbe aliyechora alipima kutoka chuma hadi chuma. Fremu za raki zilikuwa na kina cha mita 1, paleti zilikuwa na kina cha mita 1.2, kwa hiyo kila paleti ilichungulia nje sentimita 10 upande huu na 10 upande ule. Mita 2.8 ilishakuwa 2.6 kabla sijaingia, na zile katoni zilizovimba ndani ya nailoni zilikula sentimita nyingine. Nikageuza, macho yangu yote yako kwenye mzigo, na mkia wa mashine ukapiga nguzo nyuma yangu. Haukuwa mlio mkubwa. Nilishuka nikaona rangi imebanduka na chuma kimebonyea kidogo, kiasi ambacho mtu angeweza kukisugua kwa kiganja na kuondoka zake.

Nilisimama pale dakika nzima. Nilifikiria visa yangu, nikafikiria ada za wadogo zangu. Mwenzangu mmoja kutoka Kerala, ambaye tulizoea kuitana "bhai", alikuwa ameona. Akaja, akanishika bega, akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kazini kwamba kuna tani 8 juu ya nguzo ile na watu watapita chini yake usiku kucha. Nikaenda kusema.

Msimamizi hakunifokea. Alikuja na utepe, akafunga korido, akaamuru safu ile ipakuliwe kuanzia juu. Kisha akachukua rula ya chuma ya mita 1 akaiegemeza kwenye nguzo, akapima pengo kati ya rula na chuma kilichobonyea. Nguzo ikisukumwa kuelekea ndani ya raki, pengo likizidi milimita 3 haistahili tena kubeba mzigo kama mwanzo. Ikipinda kwa upande, kufuata mihimili inayobeba paleti, kipimo ni milimita 5. Yangu ilikuwa 7. Nguzo ikabadilishwa. Usiku huo nilijifunza kwamba upana wa korido ni kutoka mzigo hadi mzigo, na mzigo wenyewe upimwe jinsi ulivyo, na uvimbe wake wote, si jinsi ulivyoandikwa kwenye karatasi.

Baadaye nilikaa miezi minne kwenye oda pika, mashine inayompandisha dereva pamoja na paleti tupu ili aokote katoni moja moja kwa mkono. Ni ya kazi ya maduka, mtu akiagiza katoni 3 za hiki na 5 za kile. Umefungwa mkanda, unapanda na kushuka siku nzima. Haina mengi ya kusimulia.

Ile iliyobaki moyoni mwangu ni VNA. Herufi hizo ndizo zinazotumika kila mahali kwa mashine za korido nyembamba kabisa, mita 1.6 mpaka 1.8, yaani korido ambayo ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa mizigo pande zote mbili. Mashine hiyo haigeuki ndani ya korido. Inaingia imenyooka, inatoka imenyooka. Kinachogeuka ni kichwa chenye meno, digrii 90 kushoto au kulia, kikachomeka paleti kwenye raki wakati mwili wa mashine umetulia. Kuna aina ambayo dereva hubaki chini na aina ambayo dereva hupanda na meno. Mimi niliendesha ya kupanda. Ukiwa mita 12 juu, ndani ya kizimba, feni za paa ziko karibu na kichwa chako na watu wa chini wanaonekana kama vifuniko vya chupa. Ndani ya kizimba kuna kamba ya kujishushia ikiwa mashine itakufa ukiwa huko juu, na tulifanyishwa mazoezi ya kuitumia.

Ukiingia koridoni huongozi wewe. Kuna waya umezikwa ndani ya sakafu, unapitishiwa umeme mdogo wenye ishara, na mashine ina kifaa chini kinachoufuata waya huo. Maghala mengine hutumia reli za chuma pembeni badala ya waya. Na hakuna mtu wa miguu anayeruhusiwa kuingia korido wakati mashine imo. Hakuna pa kujibanza mle ndani.

Lakini waya ni jambo dogo. Jambo kubwa ni sakafu, na hili ndilo nililotaka mama wa Vingunguti alisikie. Chukua mashine ambayo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.2. Sakafu ikiwa chini upande mmoja kwa milimita 1, mlingoti unaegemea upande huo, na kwa urefu wa mita 12 egemeo hilo limeshakuwa milimita 10. Kwa milimita 3 ya sakafu, kizimba chako kimesogea sentimita 3 kuelekea raki, na hapo bado hujahesabu mtikisiko wa mashine ikitembea. Ndiyo maana Wajerumani wana kiwango chao cha sakafu hizo, DIN 15185, na Waingereza wana TR34, na sakafu ya ghala letu ilikuwa imesagwa kwa mashine kwenye mapito ya magurudumu mpaka ikawa kama meza. Nilimwona fundi akipima kwa kifaa kinachotembea polepole korido nzima kikiandika kila kipande. Nilipomuuliza kwa nini asipime mwanzo na mwisho tu, aliniambia gurudumu halikanyagi mwanzo na mwisho tu.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 2020. Na sasa turudi Vingunguti.

Nilifika asubuhi kabla ya foleni. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, daftari mapajani. "Marahaba baba, karibu," akaniambia, "sasa nionyeshe hiyo futikamba yako inasema nini." Godauni lilikuwa na upana wa mita 24 kwa ndani, urefu mita 40, paa limebebwa na fremu za chuma bila nguzo katikati, na kutoka sakafuni hadi chini ya fremu ni mita 7. Paleti zake ni za mita 1 kwa 1.2. Mashine aliyoonyeshwa ilikuwa VNA ya kupanda na dereva.

Nikapiga magoti na pima maji na ubao ulionyooka. Sakafu ilikuwa zege la zamani, limefanyiwa mteremko kidogo ili maji ya mvua yakiingia yatoke, na sehemu mbili lilikuwa limepigwa viraka. Kwenye upana wa mita 1.2 nilipata tofauti ya milimita 5, pengine zaidi. Nikamwonyesha mama ile hesabu ya mlingoti: kwa mita 5 tu juu, hiyo ni zaidi ya sentimita 2 za kuegemea. Akauliza sakafu inaweza kutengenezwa? Nikasema inaweza, lakini aweke gharama hiyo kwenye bei ya mashine, na aongeze ya waya au reli.

Kisha nikachukua chaki. Hapa ndipo mambo yalipojiamua yenyewe. Safu mbili za raki zinazopeana migongo, zikiwa na paleti, hula mita 2.6. Safu moja ya ukutani hula 1.3. Nikachora sakafuni, mama akisoma futikamba na mpwa wake akiandika. Kwa foklifti ya kawaida na korido za mita 3.6, zinaingia safu 7. Kwa richi traki na korido za 2.8, safu 8. Kwa VNA na korido za 1.8, safu 10. Mama akatabasamu, akaona VNA imeshinda. Nikamwomba asubiri, nikachora tena kwa korido za mita 2.1. Safu 10.

Alikagua mwenyewe. Korido 5 za mita 2.1 ni mita 10.5, raki zote mita 13, jumla 23.5, zinabaki sentimita 50. Kwa VNA zinabaki mita 2, na mita 2 hazitoshi korido pamoja na safu nyingine. Yaani zile sentimita 30 za kila korido ambazo VNA inaokoa, ambazo muuzaji alizisifia sana, katika jengo lile hazizai paleti hata moja. Katika jengo la upana mwingine zingezaa. Tena VNA inataka uwanja wa zaidi ya mita 4 mwisho wa korido ili itoke na kuhamia korido nyingine, na uwanja huo ungekata raki kwa upande wa urefu.

Korido ya mita 2.1 ni ya mashine ambayo mimi huiita foklifti ya kiuno. Mwili wake umeungwa kwa bawaba kati ya mlingoti na kiti cha dereva, hivyo mbele inakunja kushoto au kulia kama mtu anayegeuza kiuno bila kuhamisha miguu. Chapa zinazojulikana zaidi zilitoka Uingereza na Ayalandi: Flexi, Bendi, Aisle-Master. Mimi nilikuwa nimeiendesha mwaka wangu wa mwisho Jebel Ali, kwenye ghala la pili. Sifa yake kubwa kwangu si wembamba wa korido. Ni kwamba inatoka nje. Richi traki na VNA zina magurudumu madogo magumu na tumbo lililo karibu na sakafu. Ukizipeleka kwenye uwanja wa kokoto zinakwama au zinaharibika, kwa hiyo lazima uwe na foklifti nyingine ya kushusha mzigo kwenye semitrela, uuweke chini mlangoni, kisha mashine ya ndani iuchukue tena. Foklifti ya kiuno hushusha kwenye gari na kwenda kuweka rakini bila kuuweka mzigo chini, mradi uwanja uwe umesakafiwa kwa kiasi. Kwa marumaru hilo si jambo dogo. Kila unapoweka chini na kuinua tena, pembe za katoni zinavunjika.

Ina mapungufu yake na nilimwambia. Bei yake ni kubwa kuliko foklifti ya kawaida. Mwendo wake koridoni unataka mkono uliofundishwa upya, kwa sababu usukani uko mbele, na dereva aliyezoea kuangalia mkia unaofagia anaangalia mahali pasipo na hatari huku mbele anakaribia kugusa. Halafu uzito. Paleti ya marumaru ina tani 1.3 na ushee. Kila foklifti ina kibao cha uwezo, na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ya chini, mzigo ukiwa karibu na mlingoti. Ukipanda, uwezo unashuka. Tulikubaliana marumaru zikae ngazi mbili za chini, na masinki, mabomba ya kukunja na viungio viwekwe juu. Mabomba marefu ya mita 6 hayakuingia kwenye mpango huu kabisa. Yangetaka mashine inayotembea kiubavuubavu, kama zile ambazo Combilift wa Ayalandi walianza kuziunda 1998, na kwa wingi wake haikuwa na maana. Yakapewa ukuta wa nyuma, yapangwe kwa mkono.

Swali lake la mwisho lilikuwa la umeme. Alichukua foklifti ya kiuno, ya betri ya maji, ile ya risasi na asidi. Betri hiyo inataka karibu saa 8 za chaji, haipendi kukamuliwa chini ya asilimia 20, na maji yake yaliyokenekwa (distilled) huongezwa baada ya chaji, maana wakati wa chaji maji huvimba na kumwagika. Ikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo tuliiwekea kona yenye madirisha wazi, mbali na mashine ya kuchomelea. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kazi inaanza kwa kuchelewa. Hilo amelikubali.

Dereva wake ni kijana aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA, mtulivu. Nilikaa naye wiki mbili. Wiki ya kwanza hakugusa raki; alizunguka kati ya paleti tupu nilizozipanga uwanjani kwa korido ya mita 2.1, mpaka akaacha kugeuza shingo kutafuta mkia. Mashine ilikaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla ya kuanza kazi, kama sheria ya 2003 inavyotaka kwa vyombo vya kunyanyulia mizigo. Nami nikaacha daftari moja limefungwa kwa kamba mlangoni: kila mguso wa raki uandikwe, hata wa rangi tu, tarehe, safu na nguzo, na asikatwe mtu mshahara kwa alichoandika mwenyewe. Mama alisita kwenye hilo la mshahara. Nikamsimulia habari ya nguzo yangu, akasaini ukurasa wa kwanza.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kusoma daftari. Miguso ilikuwa mitano. Minne ilikuwa kwenye nguzo zile zile mbili, mwanzo wa safu ya 9 na ya 10, karibu na mlango. Nikakaa pale kuanzia saa mbili asubuhi nione. Semitrela zinaporudi nyuma kuegesha, mkia wa trela unaingia ndani ya mlango na kumbana kijana, naye inambidi aingie korido kwa mshazari badala ya kunyooka kwanza. Hakuna mafunzo yatakayomtoa pale. Tukafungua chumba cha kwanza cha raki kwenye safu zote mbili, ngazi 4, paleti 2 kila ngazi. Mama alipoteza nafasi 16. Alisimama akitazama mafundi wakishusha mihimili, kisha akamwambia mpwa wake afute namba zile kwenye daftari la stoo na aandike upya ramani.